Historia Aliyoiandika Mwenyewe

Sharifa alikuwa amechoka hata kabla hajafungua duka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, hapana. Ni ule unaohamia mgongoni na virago vyake na kusema, mimi hapa sitoki. Miaka kumi na minane alikuwa anachapa karatasi za watu pale Lushoto mjini, kwenye kiduka chake cha stationery kilichobanwa kati ya fundi viatu na mama muuza viazi. Macho yalimuuma, kiuno kilimuuma. Na wateja, Mungu awasamehe, hakuna aliyewahi kumletea kazi isiyo ya haraka.

Alichapa kila kitu: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, kadi za harusi, mitihani ya shule. Lakini kazi iliyomzeesha ni ya marehemu. Huku milimani Mkristo akifa hazikwi kimyakimya. Lazima historia yake isomwe mbele ya jeneza, watu wote wasikie: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha mjane na watoto wangapi, nani na nani, kwa majina na kwa mpangilio. Mtoto aliyesomwa pale amesomwa, hakuna wa kumfuta. Asiyesomwa atazunguka na maelezo mpaka na yeye azikwe. Sharifa ni Mwislamu, kwao hawana karatasi hizo, lakini alikwishazichapa nyingi kiasi kwamba ungemsimamisha kwenye usharika wowote akaongoza mazishi mpaka mwisho bila kukosea.

Asubuhi ile saa mbili aliingia Zabron Singano, mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye koti lililokunjamana na macho mekundu ya mtu aliyekesha msibani siku tatu. Alikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu.

"Mzee wetu amelala, dada Sharifa," akasema. "Tunamzika leo kwetu Mgwashi, saa tisa. Nipigie hii, unitolee kopi themanini. Saa tano napita na gari, tukitoka kuchukua mwili hospitali."

"Pole sana, kaka. Poleni wote."

"Tumeshapoa." Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akatoka.

Sharifa akachapa. Historia ya marehemu Mzee Hezekia Singano, mkulima, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya maji kwa miaka mingi. Ameacha mjane mmoja, watoto watano na wajukuu kumi na saba. Wa kwanza Zabron, wa pili Janeth, wa tatu Alen, na kuendelea. Vidole vilikwenda vyenyewe, kichwa kilikuwa kinawaza dawa ya mgongo. Akatoa nakala ya kwanza, akaiweka kwenye mashine ya fotokopi, na mashine ikaanza kugonga na kukohoa kama kawaida yake.

Kopi zilikuwa zinaelekea kwisha alipoingia mama mmoja mwenye mkoba wa begani na viatu vilivyojaa udongo mwekundu. Umri wake na wa Sharifa haukupishana sana. Alisimama mlangoni kwanza, akalisoma jina la duka, ndipo akaingia.

"Habari za asubuhi. Wewe ndiye Sharifa?"

"Nzuri. Ndiye mimi. Karibu."

"Naitwa Evelina. Natoka Zirai, kule Muheza. Msiba nimeusikia juzi, jana nimelala Mombo." Akaushusha mkoba begani. "Nimefuata karatasi ya Mzee Hezekia wa Mgwashi. Historia yake."

Sharifa akaona kazi rahisi ya kwanza tangu asubuhi. Akachomoa kopi moja juu ya rundo, akampa. Mama yule akaisoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilipofika kwenye majina ya watoto kikasimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena polepole, mara ya tatu kikabaki palepale.

"Siyo hii," akasema, akairudisha mezani.

"Siyo hii kivipi? Mzee Hezekia Singano wa Mgwashi ni huyo huyo. Mwanawe ameileta mwenyewe."

"Iko nyingine. Aliiandika mwenyewe akiwa hai. Alikuja hapa kwako, ukampigia. Aliniambia kwa mdomo wake, jina lako na duka lako."

Sharifa akafungua mdomo kusema hapana, na hapohapo kumbukumbu ikamjia, ikamkaa kifuani. Mzee mwenye koti la mvua la kijani. Miaka mitano sasa, labda sita. Alikuja na peasi kwenye mfuko wa rambo, akawa anakula moja huku anasema maneno na Sharifa anachapa. Jamani! Na asubuhi hii amemchapa mtu yuleyule toka juu mpaka chini, jina lake kamili, na hakumkumbuka hata kidogo. Aliona haya, haya ya kweli.

Sasa alikumbuka na walipobishana. Mzee alitaka juu kabisa paandikwe "Historia ya marehemu Hezekia Singano". Sharifa akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Babu, mimi siandiki hivyo. Umekaa hapa unatafuna peasi, nikuandike marehemu? Huo ni uchuro."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Basi andika unavyotaka wewe, mwanangu. Hilo la marehemu watajaza wenyewe."

Na ilipofika kuhifadhi faili, ndipo Sharifa alipofanya lile ambalo hakuna kompyuta duniani ingelielewa. Dukani kwake kila faili lenye neno "historia" lilikuwa la mtu aliyeko kaburini. Kulikuwa na folda nzima inaitwa MAREHEMU. Amweke mzee mzima humo, katikati ya wafu, akiwa hai na anamkodolea macho? Hakuthubutu. Akalipa faili jina jingine kabisa, la mambo ya kawaida, na akaliweka mbali na wale wengine. Kisha umeme ukakatika, printa ikafa, mzee akasema atapita wiki ijayo kuchukua. Hakupita.

Jina lenyewe alilolipa? Sharifa alifumba macho akatafuta. Hakuna kitu.

"Lipo," akasema. "Ila sijui nililiitaje."

Evelina akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Nitasubiri," akasema. "Mazishi ni saa tisa, eti?"

"Saa tisa. Ila mwanawe anapita hapa saa tano."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne kasorobo. Sharifa akavuta kiti, akafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, la kuandikia amri kwa maneno. Alijifunza enzi zile virusi vya flashi vilipokuwa vinaficha mafaili ya wateja, watu wanalia mbele ya meza yake wakidhani kazi zao zimepotea. Fundi mmoja wa Tanga alimwandikia amri kwenye kava la daftari, akazikariri. Kutafuta kwa kubofya folda moja moja kungewafikisha Jumapili. Dirisha jeusi linatafuta kila kona kwa mara moja, halina maneno mengi, lina au halina.

Akaandika: dir /s /b *hezekia*. Yaani nionyeshe kila faili, hata lililo ndani ya folda za ndani, lenye neno hilo kwenye jina lake.

Halina.

Akaandika *singano*. Yakaja matano: kadi ya harusi, mkataba wa shamba, barua tatu za mwalimu Singano wa kwingine kabisa. Akaandika *wasifu*. Maombi ya kazi ya vijana, basi. Akaandika *historia*, ingawa alijua alilikwepa neno hilo, na kioo kikaanza kukimbia. Mstari juu ya mstari, marehemu fulani, marehemu fulani, miaka kumi na minane ya wafu wanapanda juu na kupotea. Sharifa aliyatazama majina. Mama aliyekuwa anamletea maziwa. Mwalimu wa binti yake. Mtu aliyempangisha chumba alipoolewa. Wote amewachapa kwa haraka haraka, kila mmoja na kopi zake, na kwa kila mmoja alikuwa anawaza mgongo wake. Akajisikia kuchoka upya.

"Halipo?" Evelina akauliza.

"Bado. Kompyuta ya wakati ule ilikufa. Vitu vyake vimo humu." Akavuta droo, akatoa diski ya nje iliyofungwa na mpira, akaichomeka. Akarudia amri zote nne kule nako. Majibu yaleyale, wafu walewale na wengine zaidi.

Mashine ya fotokopi ikanyamaza. Kopi themanini zilikuwa tayari, na zote zilisema watoto watano. Sharifa alizigongagonga mezani zikakaa sawa, akazifunga kwa kamba. Shetani akamnong'oneza hapo: mwambie limepotea, mama wa watu aende zake, na wewe upumzike. Zabron ni mteja wako wa siku nyingi. Huyu humjui. Kwani nani atakulaumu kwa faili la miaka mitano? Na kusema kweli alikuwa amechoka vya kutosha kumsikiliza.

"Alikwambia ameandika nini humo?" akauliza badala yake.

Evelina alikuwa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. "Mimi ni mtoto wake. Alikuja kwetu Zirai akiwa kijana, kazi ya kitalu cha miti. Akaishi na mama yangu miaka miwili na zaidi. Mimi nikiwa nanyonya akaondoka. Mama akaolewa na mwingine, nikakua kwa jina la huyo, Evelina Petro. Mama alipokaribia kufa ndiyo akanitajia. Nikamtafuta mzee, nikampata. Akashuka mpaka Korogwe kuonana na mimi, tukakaa kwenye mgahawa, akalia pale mbele za watu."

"Akalia, halafu?"

"Akasema hana ujasiri wa kunipeleka nyumbani wakati mke wake yuko hai. Akasema, lakini siku nikifa utasomwa. Nimeshaandika, iko Lushoto kwa Sharifa." Akaikunja tena ncha ya kanga. "Sitaki shamba lao, dada. Nina langu. Nataka nisomwe tu. Nina miaka hamsini na moja, sijawahi kusomwa mahali popote kama mtoto wa mtu."

"Huyo mzee naye!" Sharifa akashindwa kujizuia. "Aibu ni yake, halafu anatuachia sisi tuibebe. Mimi na wewe na huyo mwanawe. Yeye kalala."

Evelina akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka, na Sharifa akampenda kuanzia hapo.

Akageukia tena kioo. Kama jina la nje halisaidii, kulikuwa na amri nyingine, ya kuchungulia maneno yaliyomo ndani ya mafaili. Ni ya polepole, hasa kwenye diski kuukuu, lakini yeye aliendelea na Word ya zamani kwa sababu ya mambo kama hayo. Akaandika findstr, akataka kila faili lenye Hezekia Singano ndani yake. Diski ikaanza kukwaruza. Dakika tano, dakika kumi. Mama muuza viazi akachungulia kutaka kopi ya kitambulisho, akaambiwa arudi baadaye, akaondoka anaguna.

Yakaja mafaili mia mbili na kumi na matatu.

"Yesu wangu," akasema Evelina.

"Ni kamati ya maji. Kila muhtasari ameweka sahihi yeye." Sharifa akasugua macho. Saa nne na nusu. Kufungua mia mbili na kumi na matatu, hata kwa dakika mbili mbili, mzee angekuwa ameshafukiwa na watu wamekula wali. Kutafuta Evelina? Akina Evelina walijaa kwenye kila orodha ya kipaimara aliyowahi kuchapa. Marehemu? Neno hilo alikataa kuliandika mwenyewe, kwa kiburi chake.

Akamtazama yule mama, viatu vyake, udongo ule mwekundu uliokaukia pembeni.

"Zirai," akasema polepole. "Hapa Lushoto nani anaandika Zirai? Miaka yote hii sijapata mteja wa Zirai hata mmoja. Wa kwanza ni wewe."

Akaandika: findstr /s /i /m "Zirai" *.doc. Akabonyeza, akaweka mikono mapajani.

Diski ikakwaruza. Evelina alisogea akasimama nyuma ya kiti, mkono wake umeshika mgongo wa kiti. Fundi viatu jirani alikuwa anagonga kisigino. Saa tano kasoro dakika kumi na mbili, kwenye kioo cheusi, ukatokea mstari mmoja peke yake.

ZA ZAMANI\MPYA 3\MBEGU ZA KABICHI.doc

"Mbegu za kabichi," akasema Sharifa. "Ee Mola. Nilimficha mzee wa watu kwenye kabichi."

Akalifungua. Ukurasa mmoja, herufi kubwa kwa ajili ya macho ya mzee. Evelina akasema hajachukua miwani, asomewe. Sharifa akasoma, akaruka kuzaliwa na kubatizwa, mpaka akafika:

"Mwaka 1972 nilikwenda Zirai kufanya kazi kwenye kitalu cha miti. Huko niliishi na Luiza, tukapata mtoto wa kike, Evelina, mwaka 1974. Nilimwacha bado ananyonya. Sikufukuzwa, wala sikuwa mgonjwa. Niliondoka tu. Nilirudi Mgwashi nikaoa, na mke wangu hakuwa na kosa lolote, yeye sikumwambia. Watoto wangu ni sita. Msiseme pale mbele kwamba niliwapenda wote sawa. Hao watano mnajua nilivyowalea. Huyu hata kanga ya kumfunikia sikumpa. Basi msomeni wa kwanza, maana ndiye wa kwanza."

Evelina alikuwa amekaa chini, sakafuni kabisa, mgongo kwenye meza, kanga mdomoni. Hakulia kwa sauti. Sharifa akatoa amri ya kuchapisha. Tangu alipofika pale kwenye maneno ya kanga, na yeye pua ilikuwa imeziba. Aliyachapa yeye mwenyewe maneno haya. Yalipita kwenye vidole vyake yakaenda.

Printa ikavuta karatasi, ikaitema. Nusu dakika baadaye umeme ukakatika.

Nje gari likapiga honi. Zabron akaingia akiwa na haraka, akamkuta mteja amekaa sakafuni na mwenye duka anafuta macho.

"Kopi zangu tayari? Mwili uko garini, watu wananisubiri." Akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Kuna nini?"

Maneno aliyoyapanga Sharifa yalimtoka kichwani. Akampa karatasi. "Hii ni ya baba yako. Aliniletea mwenyewe, miaka mitano iliyopita. Nilisahau, kaka. Nisamehe. Ningekumbuka asubuhi, ningekwambia."

Zabron akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasoma. Walimwona anasoma, midomo inacheza. Alipofika chini alirudi juu. Honi ikapigwa tena, hakugeuka.

"Nani ameandika hii?"

"Yeye. Nilichapa nilichoambiwa."

"Mama yangu yuko nyumbani amekalia mkeka. Unataka nisome hivi mbele yake? Mbele ya mchungaji, mbele ya Mgwashi nzima?" Sauti ilikuwa imepanda. "Siku tatu sijalala! Jeneza mimi, gari mimi, chakula mimi, wajomba kugombana mimi. Na hili sasa?"

Evelina akainuka kutoka sakafuni, akajishika meza. Akapangusa kanga yake. "Mimi naweza kuondoka," akasema. "Nimesikia alivyoandika. Kama haitasomwa, nimeshasomewa hapa."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomuuma Sharifa kuliko kelele. Akataka kumwambia usiondoke, akakosa haki ya kusema.

Zabron akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alimtazama paji la uso, kisha mikono, akabaki hapo kwenye mikono kama anayeitambua. Kisha akafanya jambo ambalo Sharifa hakulitegemea. Akakaa kwenye benchi. Akakaa kwa uzito wote, magoti yakaachana, kama mtu aliyeambiwa sasa unaweza kutua.

"Miaka arobaini na sita," akasema, akiitazama sakafu, "mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile. Tate, baba yetu, akiumwa, Zabron. Ada ya Alen, Zabron. Janeth kaachika, Zabron ataongea. Nikichoka hakuna wa kumwambia, maana mkubwa wangu mimi hakuna. Nilikuwa nikimwambia mke wangu, laiti ningekuwa na mkubwa wangu hata mmoja." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kumbe yupo. Yuko Zirai."

Dereva akaita jina lake kutoka barabarani, Zabron akapaza sauti kumwambia angoje.

"Mama atanuna," akasema, kama anajihesabia mwenyewe kazi iliyobaki. "Nitaingia naye chumbani kabla ya ibada, nitamwambia mimi. Atanuna, atalia. Atanilaumu mimi, kama kawaida. Haya." Akasimama, akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo, dada."

Evelina alichelewa kuitikia. Sharifa alitaka kumsukuma begani.

"Marahaba," akasema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Marahaba, mdogo wangu. Pole na msiba."

"Pole na wewe. Ni wetu wote."

Zikabaki kopi themanini zinazosema watoto watano, na umeme hakuna, na hata ungerudi muda haukuwepo. Zabron akafungua ile kamba kwa meno. Akavuta meza ndogo mpaka mlangoni kwenye mwanga, akaomba kalamu. Kwenye kopi ya kwanza akakata "watano", akaandika juu yake "sita". Akashuka kwenye majina. Penye namba moja palikuwa na jina lake. Akaikata moja, akaandika mbili, akaendelea chini, mbili ikawa tatu, tatu ikawa nne, mpaka kitinda mimba. Mkono wake haukusita hata kidogo, ila macho yalikuwa yanafumba yenyewe kwa usingizi.

Kisha akasukuma karatasi upande wa pili wa meza, na kalamu juu yake.

"Hapo juu yangu pana nafasi. Andika wewe, mimi mwandiko wangu mbaya. Nyingine tutamalizia garini mpaka tufike Soni."

Evelina akainama. Akaishika kalamu kwa mikono miwili kama mtoto wa chekechea. Akaandika namba moja. Akaandika Evelina. Hapo akasimama, akainua macho, akamtazama Sharifa, kisha Zabron.

"Niendelee na jina la baba?"

Zabron alikuwa tayari amevuta kopi ya pili, anakata watano.

"Sasa utaandika la nani, dada?" akasema. "Andika la baba. Bado kopi sabini na tisa."